Daktari Finsen, Aliyetibu kwa Nuru

Muhula uliopita wengi wenu mliuona mkono wangu wa kulia ulivyotoka malengelenge, na maneno mengi yalisemwa. Siku ile tulikuwa tumekamua ndimu kwa ajili ya sherehe ya wazazi, na tulipokwisha tukaenda moja kwa moja kulima shamba la mihogo, jua la saa saba likiwaka, nami sikunawa. Kesho yake jioni mkono ulianza kuwasha na kuuma, na siku iliyofuata malengelenge yakatokea kwa mistari kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Nikashukiwa kuwa nimechezea tindikali ya maabara, nikafagia uwanja siku tatu kwa kosa nisilolitenda.

Aliyenitetea ni mwalimu wetu wa Biolojia. Alieleza kwamba maji ya ndimu yana kitu ambacho gizani hakina neno, lakini kikipigwa na jua huzishika chembe hai za ngozi na kuziunguza. Kisha akaniazima kitabu chenye habari za mtu aliyefanya kazi ya nuru na ngozi maisha yake yote. Habari zake ndizo nitakazo kuwasimulieni.

Niels Ryberg Finsen alizaliwa tarehe 15 Desemba, 1860, katika mji wa Tórshavn, visiwa vya Faroe, chini ya ufalme wa Denmark. Baba yake alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali, mwenye asili ya Aisilandi. Mama yake alifariki mtoto akiwa wa miaka minne. Alipokua alipelekwa Denmark katika shule ya bweni ya Herlufsholm, na huko mkuu wa shule alimwandika kuwa ni kijana mwenye moyo mwema lakini akili yake ni ndogo na bidii hana. Baba yake akamhamishia Reykjavik. Huko nako hakung'ara, maana alimaliza mwaka 1882 akiwa wa kumi na moja katika wanafunzi kumi na watano. (Nawaomba wazazi waisome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kufungua ripoti zetu.)

Akaenda Copenhagen kusoma udaktari, akafuzu mwaka 1890. Lakini tangu mwaka 1883 hivi alikuwa mgonjwa. Ngozi nyembamba zinazofunika moyo na ini zilikuwa zikikakamaa kidogo kidogo, na tumbo likijaa maji. Chumba chake kilitazama kaskazini, hakikupata jua, naye alikuwa mchovu na mpungufu wa damu. Basi akawa mtu wa kulitamani jua. Yasemwa kwamba siku moja alimwona paka akiota jua juu ya paa, na kila kivuli kilipomfikia, paka alisogea tena juani. Finsen akajiuliza jua lina nini hata mnyama alifuate hivyo.

Jaribio lake nilipendalo zaidi ni hili. Alijipaka wino mweusi mkononi kama utepe, akauweka mkono juani kwa saa tatu hivi, kisha akaufuta wino. Penye wino ngozi ilikuwa nyeupe kama kawaida. Pande zote mbili ilikuwa imeiva nyekundu, na baadaye ikawa ya kahawia. Akaurudisha mkono juani bila wino. Safari hii ule utepe mweupe ndio uliowiva, na pande zilizokwisha kuwa na rangi zilisalimika. Hivyo alionyesha kwamba rangi ya ngozi ni ngao, na kwamba ngozi yenyewe huijenga baada ya kushambuliwa. Sisi wenye wenzetu wenye ualbino, wasio na ngao hiyo, tunaelewa kwa nini hawatoki bila kofia na mikono mirefu.

Mwaka 1893 aliandika kwamba wagonjwa wa ndui wakae katika chumba chenye nuru nyekundu tu, wasipate makovu. Fikra hiyo haikudumu. Iliyodumu ni ya kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila pua na mashavu ya watu hata wakaona haya kutoka nje. Mwezi wa Novemba, 1895, alianza kumtibu mhandisi mmoja, Niels Mogensen, aliyekuwa ameugua miaka mingi bila kupona, akitumia taa kubwa ya umeme katika mtambo wa umeme wa Copenhagen. Mgonjwa yule akapata nafuu kubwa, na mwaka 1896 chuo cha tiba ya nuru kikafunguliwa.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Nuru ilikusanywa kwa lenzi za jiwe la bilauri, ikapitishwa kwenye maji ili joto lipungue, isije ikababua. Kisha muuguzi alikandamiza lenzi nyingine juu ya kidonda ili damu isogee pembeni, kwa kuwa Finsen alikuwa amegundua kwamba damu huizuia nuru isiingie ndani. Saa nzima kwa kipande kidogo cha ngozi, kila siku, miezi mingi.

Yeye aliamini kwamba nuru yenyewe huua vijidudu. Mwaka 2005 wataalamu wa Denmark walizipima lenzi zake zilizohifadhiwa, wakaona kwamba miali mikali aliyoitegemea haikuweza kupita humo. Waliona kwamba vijidudu vile hutengeneza pofirini ndani yao. Nuru ikiipiga pofirini, nguvu yake huhamia kwenye oksijeni, na oksijeni hiyo hugeuka kali na kutoboa chembe iliyo karibu. Kumbe mdudu alikuwa amebeba baruti yake mwenyewe! Ndimu yangu hutumia njia nyingine, kwani kemikali yake hujifunga kwenye nyuzi za urithi za chembe za ngozi. Lakini mwanzo ni mmoja: bila nuru, hakuna jambo.

Mwaka 1903 alipewa tuzo ya Nobel, iliyokuwa imekwenda kwa Ronald Ross wa malaria mwaka uliotangulia. Hakuweza kusafiri kwenda kuipokea, kwa kuwa alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu. Sehemu ya fedha zake alikipa chuo chake.

Siku zake za mwisho alijifanya mwenyewe kuwa jaribio. Alipima kila alichokula na kunywa, akapunguza chumvi, akaona maji ya tumboni nayo yanapungua, akaandika makala juu ya jambo hilo mwaka 1904. Mwaka huohuo, tarehe 24 Septemba, akafariki, akiwa na miaka 43.