Maisha ya Kanoni Apolo Kivebulaya wa Mboga

Kila mwaka, tarehe 30 Mei, makanisa kadhaa ya Kianglikana humkumbuka Apolo Kivebulaya, aliyefariki siku hiyo mwaka 1933 huko Mboga, katika nchi ya Kongo. Jina lake husomwa pamoja na majina ya watakatifu wengine, kisha sala huendelea. Tumeona vema kuandika habari zake kwa kirefu kidogo, maana katika maisha yake twaona jinsi neno la Mungu linavyoweza kutoka kanisani likaingia shambani, jikoni, na hata mlangoni kwa mtu aliyekutendea ubaya.

Alizaliwa Buganda, katika nchi ya Singo, karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akaitwa Waswa. Ujana wake ulikuwa ujana wa vita. Siku zile wafuasi wa dini mbalimbali waligombana katika Buganda, Kabaka akaondolewa, watu wakakimbia makwao, na Waswa naye alichukua silaha kama vijana wenzake. Hakuwa kijana mpole. Wanaosimulia maisha yake hawafichi kwamba alivuta bangi na kupenda vita, nasi hatuoni sababu ya kuficha.

Alikuwa amewahi kumsikia Alexander Mackay, mmisionari aliyekuwa fundi, akifundisha Injili, na neno lile halikumtoka. Alibatizwa mwezi Januari 1895, akachagua jina la Apolo, yule mwalimu tunayesoma habari zake katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Alipenda kuvaa koti jekundu la askari juu ya kanzu yake nyeupe, na watu wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. Sisi tusemao Kiswahili tunaweza kulisikia neno letu Ulaya ndani ya jina hilo.

Mwaka ule ule wa 1895 alipelekwa Toro kuwa mwalimu. Uamsho ulikuwa umeanza Buganda tangu 1893, na vijana wengi wa Kiganda walijitoa kwenda nchi za jirani kufundisha kusoma na kuhubiri. Katika 1896 Biblia nzima ilikuwa tayari kwa Kiganda, kazi ambayo Pilkington na wenzake Waganda walijitaabisha sana kuimaliza. Basi walimu hawa walikwenda wakiwa na kitabu mkononi. Mishahara yao ilikuwa midogo mno, na lugha za huko waliposafiri ilibidi wajifunze.

Ukitoka Toro kwenda Mboga huna budi kuzunguka mwisho wa milima ya Ruwenzori, kushuka bonde la mto Semliki lenye joto na wanyama wakali, kisha kupanda tena vilima vya upande wa pili. Mtawala wa Mboga aliitwa Tabaro. Walimu wawili wa kwanza waliokwenda kwake walikuwa Petero na Sedulaka. Haukupita muda Tabaro akachukizwa nao, kwa sababu mafundisho yao yaligusa wake wengi na ulevi, akawakataza watu wasiwape chakula. Wale ndugu walishindwa na njaa wakarudi. Tusiwalaumu. Njaa si jambo la kufanyia mzaha.

Apolo alipofika mwishoni mwa 1896, alijua yaliyowapata wenzake. Alishika jembe akalima, akapanda chakula chake mwenyewe. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini kwa Waganda wa siku zile jembe lilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume mwenye heshima hakuonekana akiinama shambani, sembuse mwalimu wa dini. Apolo aliona kwamba kufundisha watu wa Mboga ni jambo kubwa kuliko heshima yake. Pia alikata miti na kubeba matete pamoja na watu walipojenga kanisa. Mtume Paulo, aliyeshona hema asimlemee mtu, angeielewa kazi ya namna hii.

Tabaro hakutulia. Apolo alipigwa na kuteswa. Kisha likatokea jambo zito: dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki akafa. Ilikuwa ajali, lakini Tabaro alimshtaki Apolo kuwa ndiye mwuaji. Alifungwa, akavushwa mto na milima mpaka Toro kwenye ngome ya serikali, akatiwa gerezani kama mhalifu. Katika taabu hizo alipata maono ambayo aliyasimulia maisha yake yote. Alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimwambia ajipe moyo kwa maana yuko pamoja naye. Baadaye ilionekana hana hatia, akafunguliwa.

Hapa tungependa kukaa kidogo, maana ndipo tunapoona alivyoshika Maandiko.

Mtu aliyefunguliwa gerezani alikuwa na njia nyingi mbele yake. Toro ilikuwa na Wakristo, na kazi ya kufundisha ilikuwepo. Angeweza kwenda nyumbani Buganda, na hakuna ambaye angemwita mwoga. Angeweza pia kudai kwamba Tabaro aadhibiwe kwa kumshtaki bure. Yeye aliomba kurudi Mboga. Alirudi kwa mtu yule yule aliyempiga na kumfunga, akaishi karibu naye, akaendelea kulima na kufundisha.

Bwana wetu alifundisha juu ya ugomvi wa ndugu mahali pawili katika Injili ya Mathayo. Katika sura ya 5 anamwambia mtu aliyemkosea mwenzake aache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana. Katika sura ya 18 anamwambia mtu aliyekosewa aende kwa ndugu yake, wakazungumze wao wawili peke yao. Msomaji akiyaweka mafundisho haya pamoja ataona kwamba hakuna aliyebaki na ruhusa ya kukaa nyumbani akimngoja mwenzake. Aliyekosa aende, na aliyekosewa naye aende, hata wakutane njiani. Sisi binadamu twapenda kusema kwamba yeye ndiye aliyeanza, basi yeye ndiye aje. Majirani hupitana njiani bila salamu kwa ajili ya mpaka wa shamba, na ndugu wa tumbo moja huacha kuingia nyumba ya mwenzao kwa ajili ya mahari au urithi, kila mmoja akingoja. Kisha Jumapili wanapiga magoti kwenye reli moja, huyu mwisho wa kushoto na yule mwisho wa kulia.

Apolo ndiye aliyekosewa, tena vibaya, lakini ni yeye aliyekwenda. Wala hakununua amani kwa kunyamaza. Aliyofundisha kabla ya kufungwa aliendelea kuyafundisha baada ya kufunguliwa, hata yale yaliyomchukiza Tabaro. Hili nalo tulitazame, kwa sababu wako wanaodhani kusamehe ni kujifanya kwamba hakuna lililotendeka.

Tabaro hakuelewa mtu wa namna hii. Alikuwa amemwona akiondoka katika minyororo, naye sasa amerudi bila kulipiza kisasi. Baada ya muda mtawala mwenyewe aliomba kufundishwa. Alibatizwa akaitwa Paulo, jina la mtu mwingine aliyelitesa Kanisa kabla ya kuwa wake. Toka hapo yule aliyekataza chakula akawa mlinzi wa Kanisa la Mboga.

Apolo alipata kuwa shemasi, na mwaka 1903 alifanywa kasisi. Kwa miaka mingi alifanya kazi Toro, akianzisha makanisa na kuwatia moyo walimu. Wakati huo serikali za Kizungu zilikata mipaka, na kwa mapatano ya 1910 Mboga ilijikuta upande wa Kongo ya Wabelgiji, ilhali Kanisa lake lilikuwa limetoka Uganda. Wakristo wale walikuwa katika hatari ya kubaki bila mchungaji. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza Apolo alirudi kwao, akiwa sasa mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, akakaa huko mpaka kufa kwake.

Hakuoa. Alikuwa na mchumba, lakini yule binti alifariki kabla ya arusi, na Apolo aliamua kubaki hivyo hivyo. Katika nchi ambayo mtu asiye na mke na watoto hahesabiwi kuwa mtu kamili, hili halikuwa jambo jepesi, wala hatulitoi kama amri kwa kila mtu. Nyumba yake, hata hivyo, haikuwa nyumba kimya. Ilijaa vijana na watoto aliowalea, akawafundisha kusoma na kufanya kazi. Mwaka 1922 alipewa heshima ya kuwa Kanoni wa Namirembe. Wengine wangepata hapo sababu nzuri ya kuhamia karibu na kanisa kuu. Yeye alirudi Mboga kwenye mashamba yake.

Karibu na Mboga unaanza msitu mkubwa wa Ituri. Humo wanakaa Wambuti, watu wafupi wa kimo, wawindaji, ambao vitabu vya zamani viliwaita Mbilikimo. Watu wa vijijini waliwajua vizuri. Walipokea nyama kutoka kwao na kuwapa ndizi na vyuma. Lakini kufanya biashara na mtu si sawa na kumhesabu kuwa jirani. Wenye mashamba waliwadharau, na wengi waliwahesabu kama watu wao wa kutumwa tu. Hata katika Kanisa ilikuwa rahisi kudhani kwamba Injili imekwisha fika Mboga, basi kazi imekwisha.

Tangu 1921 Apolo, mwenye umri wa karibu miaka 57, alianza kuingia msituni. Wambuti hawakai mahali pamoja. Leo wana kambi hapa, mnyama akihama nao wanahama. Kanisa la udongo na nyasi halina faida kwao, kwa hiyo mwalimu alipaswa kuwafuata walipo. Aliketi nao penye makazi yao, akajifunza kusema nao, akawafundisha wao na watoto wao. Injili ya Marko ikaanza kutafsiriwa kwa lugha yao. Baada ya miaka kadhaa baadhi yao wakabatizwa, nao Wakristo wa Mboga wakapaswa kuketi pamoja nao kama ndugu.

Tunadhani hapo palikuwa na jaribu kubwa kuliko la msitu wenyewe. Mwanasheria yule katika Luka sura ya 10 alimwuliza Bwana jirani yake ni nani, akitumaini kupata orodha fupi. Watu wa Mboga walikuwa na orodha yao, na Wambuti hawakuwamo. Kila mtaa una orodha ya namna hii, ingawa haijaandikwa. Tukitaka kuijua yetu tutazame tunapofanya arusi ni nani anayeitwa mezani, na ni nani anayeitwa kuja kuchota maji na kuosha sufuria.

Mwaka 1933 nguvu zilimwishia. Alitaka afie Mboga kati ya watu wake, na ndivyo ilivyokuwa. Kazi aliyoiacha haikufa. Mwaka 1972 Mboga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Kanisa la Anglikana katika Kongo likawa jimbo lenye Askofu Mkuu wake. Sehemu kubwa ya Wakristo hao husali kwa Kiswahili, kwa hiyo Mkristo wa kwetu akifika huko hatahitaji mkalimani ili aseme Baba Yetu pamoja nao.

Imebaki habari ya kaburi. Kwa desturi mtu alilazwa kichwa chake kikielekea mashariki, upande wa nyumbani kwao Buganda. Apolo aliagiza kabla ya kufa kwamba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwa sababu upande huo ndiko ulikoendelea msitu, na ndani yake walikuwako watu ambao hakuwahi kuwafikia. Wakamzika hivyo.