Thomas Watson Junior: mashine ilifaulu, ndugu akapotea

Thomas Watson Junior alizaliwa mwaka wa 1914 mjini Dayton, Marekani. Baba yake njo alikuwa anaongoza IBM, sosiete ya mashine za ofisi. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Junior alikuwa rubani. Mwaka wa 1956 akachukua uongozi wa sosiete.

Siku hizo ordinatere za IBM hazikuwa zinasikilizana. Mteja akinunua mashine kubwa zaidi, programu zake za zamani hazifanyi kazi, anaanza upya. Watson akakubali kuacha zote na kutengeneza jamaa moja, kutoka ndogo mpaka kubwa, zenye kutumia programu zilezile. Ikaitwa System/360, ikatangazwa tarehe 7 mwezi wa 4, 1964. Gharama yake ilifika karibu dola miliardi 5. Kama ingeanguka, IBM nayo ingeanguka.

Mashine zikachelewa, programu zikachelewa zaidi. Msimamizi wa utengenezaji alikuwa mdogo wake, Arthur, jina la nyumbani Dick. Watson akamuondoa.

System/360 ikafaulu sana. Moja yao, Model 67, iliweza kugawanywa, kila mtumiaji akajiona ana ordinatere yake mwenyewe. Wazo hilo njo linabeba wingu la intaneti, ni kusema mashine za mbali ambazo biashara kubwa zinakodi leo.

Lakini Dick hakuongoza IBM hata siku moja. Alikufa mwaka wa 1974. Watson, aliyefariki mwaka wa 1993, alikiri majuto hayo katika kitabu chake.