Mkemia Aliyechana Kurasa

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ihanja, Singida. Mama anauza asali pembeni mwa barabara. Siku moja mteja alichovya njiti ya kiberiti kwenye asali, akaikwangua, haikuwaka. Akasema hii imechakachuliwa kwa sukari, akaondoka. Mama akanigeukia mimi, msomi wa kemia. Nilichojua ni kwamba njiti ikikataa kuwaka inaonyesha unyevu tu, tena kwa kubahatisha, sukari haiioni. Zaidi ya hapo, kimya.

Niliporudi chuo nikazama maktaba, ndipo nikakutana na Friedrich Accum.

Alizaliwa mwaka 1769 Bückeburg, Ujerumani, akahamia London mwaka 1793 kufanya kazi kwenye duka la dawa. Baadaye akafungua maabara yake, akawa anafundisha kemia na kuuza masanduku ya vifaa vya kupimia. Mwaka 1820 akatoa kitabu kuhusu uchakachuaji wa vyakula. Nakala 1,000 ziliisha ndani ya mwezi mmoja!

Alionyesha kwamba mkate ulitiwa shabu ili uwe mweupe, jibini ilipata wekundu wa risasi, na achari ilipakwa ukijani kwa shaba. Vipimo vyake vilikuwa rahisi: katakata achari, mimina amonia, kimiminika kikigeuka bluu, shaba imo. Tena alitaja wafanyabiashara kwa majina. Vitisho vikaanza kumfikia, navyo havikuwa na majina.

Sasa sikilizeni, wanachuo wenzangu. Desemba mwaka huohuo alituhumiwa kuchana kurasa za vitabu kwenye maktaba ya Royal Institution, taasisi aliyowahi kuitumikia. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 1821, hakutokea. Alirudi Ujerumani, akafundisha Berlin, akafia huko mwaka 1838. Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza ya jumla dhidi ya uchakachuaji wa vyakula mwaka 1860, miaka 22 baada ya kifo chake.

Amonia haikujali tabia ya aliyeimimina. Shaba ikiwemo, bluu inatokea. Lakini mlaji wa London hakuwa na maabara. Alichokuwa nacho ni neno la Accum, na neno hilo likaharibika kwa sababu ya karatasi.

Niseme ukweli: mwaka wa kwanza nami nilichana kurasa mbili za kitabu cha maktaba. Boom lilikuwa halijaingia, foleni ya fotokopi ndefu, mtihani kesho. Nikajiambia ni kurasa mbili tu, nani atajua? Wiki iliyopita nilizipeleka kwa mkutubi. Hakunifokea. Alichukua gundi, tukazibandika pamoja, kisha nikalipa faini.

Asali ya Mama bado haijapimwa. Nikimaliza shahada nitaipima vizuri, kwa vifaa vya maana, si kwa njiti. Na siku hiyo mteja akiniuliza kwa nini aniamini, nataka niweze kumtazama usoni.