Carl von Linné na ng'ombe wa Torneå



Ukipita Humlegården hapa Stockholm utaona sanamu kubwa ya mtu mmoja. Imesimama pale tangu mwaka 1885. Wazazi waliokaa Sweden muda mrefu wanamkumbuka pia kwenye noti ya zamani ya kronor 100. Ni Carl Linnaeus, ambaye baada ya kupandishwa cheo na mfalme aliitwa Carl von Linné. Wengi wanamjua kwa habari ya maua. Leo nataka umjue kwa habari ya ng'ombe.

Alizaliwa mwaka 1707 huko Råshult, katika jimbo la Småland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa na mpenzi wa bustani. Mtoto alikua kati ya mimea, kisha akasomea udaktari Lund na Uppsala. Wakati huo hakuna chuo chochote Ulaya kilichofundisha madaktari wa mifugo. Ng'ombe akiugua, mwenyewe alijaribu dawa aliyoachiwa na wazee wake, na mara nyingi mnyama alikufa.

Mwaka 1732, akiwa na umri wa miaka 25, Linné alisafiri kwenda kaskazini kabisa, nchi ya Lapland. Alipofika Torneå, mji ambao leo uko Finland na unaitwa Tornio, wenyeji walimweleza msiba wao. Kila mwaka ng'ombe kati ya 50 na 100 walikufa, hasa majira ya machipuko, mara tu walipotolewa zizini baada ya baridi ndefu. Wewe uliyetoka kwenye jamii ya wafugaji unajua hasara hiyo ina maana gani. Ng'ombe akifa, maziwa na siagi vimekwisha, na watoto wanalala njaa.

Linné hakukaa nyumbani kwa watu akisikiliza maelezo tu. Alikwenda mwenyewe malishoni. Kwenye sehemu yenye majimaji alikuta mmea umeota kwa wingi, ule ambao Waswidi wanauita sprängört. Mmea huo una sumu kali, na sumu nyingi imo kwenye shina la chini na mizizi. Mnyama akiula hupata degedege na anaweza kufa kwa muda mfupi. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa nyingi, ng'ombe huunusa na kuuacha. Lakini anayetoka zizini na njaa ya miezi mingi hachagui, anakula chochote kibichi anachokiona kwanza. Ushauri wa Linné ulikuwa rahisi: ng'oeni mmea huu. Gharama ya kibarua wa kuung'oa ilikuwa ndogo kabisa ukilinganisha na ng'ombe waliopotea.

Sisi wauguzi tukipokea mtu anayetapika, tunauliza mapema amekula nini. Linné aliuliza swali hilo kwa ajili ya ng'ombe.

Mwaka 1738 alianza kutibu watu hapa Stockholm. Mwaka uliofuata alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chuo cha Sayansi cha Kifalme, na ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Mwaka 1741 akawa profesa Uppsala, lakini habari ya chakula cha mifugo hakuiacha. Mwaka 1749 ilitoka kazi iitwayo Pan Suecicus, kwa jina la mwanafunzi wake Hesselgren. Pan alikuwa mungu wa wachungaji kwa Wagiriki wa kale. Linné na wanafunzi wake waliwapa wanyama mimea ya Sweden, mmoja mmoja, wakaandika upi umeliwa na upi umekataliwa. Walifanya majaribio zaidi ya 2,000. Ng'ombe alikula aina 276 na kukataa 218. Mbuzi alikula 449 na kukataa 126. Kondoo alikula 387, farasi 262, na nguruwe 72 tu. Walisisitiza kwamba mnyama wa kujaribiwa asiwe na njaa kali, maana mwenye njaa hula hata kinachomdhuru, kama kule Torneå.

Mwanafunzi wake mwingine, Peter Hernquist, alitumwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1763, kusoma katika chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo Ulaya. Siku hizo ugonjwa wa sotoka ulikuwa unamaliza ng'ombe wa Ulaya. Aliporudi alianzisha chuo cha Skara, mwaka 1775. Sotoka hiyohiyo ilifika kwetu Afrika Mashariki miaka ya 1890, na Wamasai na wafugaji wengine wakapoteza karibu ng'ombe wote. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imetoweka duniani. Chanjo iliyosaidia sana ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulificha. Linné aliwagawa pia binadamu katika makundi manne, kwa bara na rangi. Katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake Systema Naturae aliandika kwamba Mwafrika ni mvivu na mzembe. Kitabu hichohicho ndicho kilichompa ng'ombe wetu wa nundu jina la kisayansi, Bos indicus. Lakini Linné hakuwahi kukanyaga Afrika. Mbuzi alipewa majani mamia kabla ya kuandikiwa neno. Mwafrika aliandikiwa tabia yake na mtu ambaye hakuwahi kufika kwake. Maneno hayo yalisomwa kwa miaka mingi, na madhara yake baadhi ya watoto wetu wanakutana nayo shuleni hadi leo. Mwaka 2020 watu walikusanya sahihi wakitaka sanamu ya Humlegården iondolewe. Wengine walikataa, na bado ipo.

Linné alifariki mwaka 1778 na kuzikwa katika kanisa kuu la Uppsala. Mzazi, mtoto akikuuliza habari zake, mweleze yote mawili. Mwambie kwamba alipokwenda kuangalia mwenyewe aliokoa mifugo ya watu, na alipoandika bila kuangalia aliwadhulumu watu wazima na watoto wao.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii: mpigie simu bibi au babu, au mtu mzima yeyote aliyewahi kuchunga. Muulize mbuzi wao walipenda majani gani, na ni majani gani waliyakataa. Andika majina hayo kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao. Kisha muulize swali moja zaidi: aliyaona mwenyewe, au aliambiwa? Jumamosi mje na majibu.