Haldane na mbuzi waliookoa wapiga mbizi

Hapa Busia na Tororo mbuzi ni kitoweo au mahari. Wanafunzi wangu hucheka ninapowaambia kuwa kila anayefunzwa kupiga mbizi kina kirefu, awe Watamu au Zanzibar, ana deni kwa mbuzi wa London.

Dkt John Scott Haldane alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka wa 1860. Alihitimu udaktari 1884, kisha akafundisha Oxford, lakini hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Alishuka migodini baada ya milipuko, akabaini kuwa wachimbaji wengi waliuawa na gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo aliivuta mwenyewe ili apime inavyomlemea mtu!

Mnamo 1905 wanamaji wa Uingereza walimtaka achunguze kwa nini wapiga mbizi walipooza au kufa baada ya kuibuka. Aliwafungia mbuzi katika chumba cha chuma, akawaongezea shinikizo la hewa, kisha akalipunguza. Waliopunguziwa haraka walichechemea, wengine wakafa. Sababu naieleza kwa chupa ya soda, kama nilivyofunzwa uhamishoni katika shule isiyokuwa na maabara: ukifungua kizibo ghafla, povu hufurika. Nitrojeni hufanya vivyo hivyo mwilini.

Haldane aligundua kuwa mwili hustahimili shinikizo likipunguzwa kwa nusu. Basi mpiga mbizi apande kwa vituo, akingoja kila kituo. Mwaka wa 1906, huko Scotland, maafisa wawili walifika futi 210, takriban mita 64, wakarudi salama. Hata mwanawe wa miaka 13 alizamishwa akiwa na vazi kubwa lililovuja. Mimi mzazi nisingekubali.

Majedwali yake yalichapishwa 1908. Ni ya baharini. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo ni lazima yarekebishwe.

Mwaka wa 2019, gari lilipotumbukia kutoka kivuko cha Likoni likiwa na mama na bintiye, wengi tuliwalaumu wapiga mbizi kwa kukawia karibu wiki mbili. Lilikuwa mita 58 chini, na mafunzo ya wanaopiga mbizi kwa burudani hukomea mita 40. Nami nililaumu, mwalimu mzima wa fizikia.

Haldane alifariki Oxford Machi 1936, punde baada ya safari ya Uajemi na Iraq, alikokwenda kuchunguza wafanyakazi wa sekta ya mafuta waliozidiwa na joto.