Bobby Jones, mchezaji asiyelipwa aliyewashinda wanaolipwa

Tarehe 25 mwezi wa sita 1926, kule Royal Lytham, Uingereza, Mmarekani Al Watrous alianza duru ya mwisho ya shindano kubwa la gofu akiwa mbele kwa mapigo mawili. Gofu ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwenzake wa siku hiyo, Bobby Jones wa Atlanta, alicheza bila kulipwa hata makuta.

Wakati wa mapumziko, Jones alimpeleka mpinzani wake hotelini wapumzike pamoja. Kurudi, alikuwa amesahau beji. Mlinzi akamkatalia, naye akalipa kiingilio kama mtazamaji!

Kwenye shimo la 17 walikuwa sawa. Mpira wa Watrous ulikuwa tayari kwenye majani mafupi yenye shimo. Wa Jones ulilala mchangani, karibu mita 160 kutoka pale. Kwa sisi wa Bunia tuliozoea mpira wa miguu, hiyo inapita urefu wa uwanja mzima. Ukigusa mchanga kwanza, umekwisha. Jones aliupiga safi, ukatua karibu na shimo kuliko wa mwenzake. Watrous akahitaji mapigo matatu kuuingiza wake. Jones alimaliza kwa 291, Watrous 293. Katika gofu, mwenye machache ndiye mshindi.

Mwaka 1925 Jones alijihesabia pigo la adhabu ambalo wengine hawakuliona, akaishia kukosa taji la Marekani. Mwaka 1930 alishinda mashindano yote makubwa manne, akaacha akiwa na miaka 28, akabaki avoka. Ugonjwa wa uti wa mgongo ulimweka kwenye kiti cha magurudumu hadi kifo chake, Desemba 1971.

Lytham wameweka kibao pale mpira ulipolala.