Bwana Afya wa Kanjo: Maisha ya Tom Mboya

Ni nani kati yetu sisi wa Eastlands ambaye hajapita Barabara ya Tom Mboya akielekea stejini? Jina tunalijua. Sanamu yake pale Moi Avenue, iliyozinduliwa mwaka wa 2011, tumeiona. Lakini si wengi wanaojua kwamba kabla ya kuwa waziri, marehemu alikuwa bwana afya wa kanjo.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa mnyapara. Kwao asili ni Kisiwa cha Rusinga. Alisoma mpaka Mang'u, halafu karo ikamshinda mzee. Kijana akaenda Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya, na alipohitimu akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji.

Kazi ya bwana afya sio mchezo. Akizembea, mtaa mzima unaugua. Mboya aliifanya kazi ile ile ya Mzungu, lakini mwisho wa mwezi mishahara haikulingana hata kidogo.

Siku moja alikuwa peke yake ofisini. Akaingia mama Mzungu na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu. Na Mboya yuko pale pale mbele yake! Akamwuliza kama macho yake yana kasoro. Mama akawaka. Mimi ningenyamaza, nakiri, maana kazi ni kazi. Yeye hakunyamaza.

Wafanyakazi wa kanjo walikuwa na jumuiya yao isiyo na nguvu. Mboya akaigeuza kuwa chama hasa cha kudai haki. Mwaka wa 1953 aliacha kazi ya jiji akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akiwa na miaka 23 tu. Na wakati huo ulikuwa wa hali ya hatari, si wa kusema ovyo. Aprili 1954 askari waliuzingira mji, wakaingia mitaa yetu kama Bahati, wakazoa watu zaidi ya 20,000. Viongozi wengi wa vyama wakatiwa vizuizini. Mboya alibaki nje, akaendelea kuwatetea wafanyakazi. Wapagazi wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka wa 1955, alienda huko, na mwishowe wakaongezwa mshahara kwa thuluthi moja.

Mengine mmeyasoma darasani: kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957, wanafunzi 81 waliopelekwa Marekani kwa ndege mwaka wa 1959, na uwaziri tangu 1962.

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alipigwa risasi akitoka duka la dawa, hatua chache tu kutoka pale sanamu iliposimama. Alikuwa na miaka 38, na bado alikuwa mbunge wa huku kwetu, Kamukunji.